Idd ndogo huja na maji makubwa

Binamu yangu wa Mwembe Tayari akiulizwa niko wapi siku hizi, hujibu kwamba niko Uingereza, nafanya ubawabu. Simlaumu. Nilipomweleza kwa simu nilisema kazi yangu ni kufungua na kufunga malango, na mengine akayamalizia mwenyewe: hoteli, kofia, koti refu lenye vifungo vya shaba. Habari ikazunguka mtaa. Sasa nikirudi likizo kuna mzee mmoja barazani huniuliza kama wageni wa huko hutoa bakhshishi nzuri.

Wageni wangu ni mashua. Malango yenyewe yako mdomoni mwa bandari ya ndani ya Bristol, magharibi mwa Uingereza, pahali panapoitwa Cumberland Basin. Upande mmoja ni mto Avon, unaojaa na kupwa pamoja na bahari. Upande wa pili ni bandari ambayo maji yake hayapandi wala hayashuki. Yamekaa pale pale usiku na mchana katikati ya mji, na mikahawa na makumbusho yamepangana kandokando yake. Baina ya maji hayo ya tabia mbili kuna malango, na kuna sisi wenye zamu.

Mtu wa pwani yetu akisikia habari za maji kujaa na kupwa huona hana la kufundishwa. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, mjomba wangu akiendesha jahazi kutoka Bandari ya Kale, na kabla sijajua kusoma saa nilijua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yale madogo ya katikati yake. Lakini Kilindini maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita tatu na kitu. Avonmouth, pale Avon unapomwagika kwenye ghuba, wastani wa bamvua ni mita 12 na ushei, na siku zenyewe hasa yanafika 14. Maji mafu ya huku, ambayo wenyeji huyaona si chochote, ni mita sita, yaani karibu mara mbili ya bamvua letu. Ni katika maji yanayopanda juu zaidi duniani.

Sababu ni umbo la ghuba. Upande wa Atlantiki ni pana na ina kina. Kadiri unavyoingia ndani kingo zinakaribiana na sakafu ya bahari inapanda, na maji yanayosukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Siku za bamvua kubwa yanaingia mto Severn, unaomwagikia ghuba hiyo hiyo, kwa nguvu hata hufanya wimbi moja linalopanda mto, likienda kinyume na mkondo, na vijana wenye mbao zao hulisubiri ili walipande.

Maji yakipwa, mto wetu hubaki kijito cha kutia aibu, kinachopita chini kabisa baina ya miteremko miwili ya tope la kahawia. Shakwe wanatembea humo kwa miguu. Saa sita baadaye, pale pale, inapita mashua yenye mlingoti, na ukiwa mgeni utaapa umepelekwa mto mwingine.

Sasa fikiria mji wa biashara umejengwa juu ya mto wa namna hiyo. Kwa karne nyingi meli zilizofunga Bristol zilikuwa zikipwelewa mara mbili kila siku. Maji yakitoka, meli inakaa juu ya tope na shehena yake, inalala upande, na kama mbao zake ni dhaifu au mzigo haukupangwa vizuri, mgongo unavunjika. Jahazi letu huweza kupwelewa kwa makusudi, lipigwe deheni na kupakwa shahamu, kisha maji yakija linaelea tena. Meli nzito ya mizigo haina ustahimilivu huo. Wafanyabiashara wa Bristol walilalamika miaka na miaka, hadi mhandisi William Jessop akapewa kazi mwaka 1804. Alichofanya ni ujasiri mtupu: aliuziba mto. Mkondo wa zamani uliopita katikati ya mji ukafungiwa ndani kwa malango, na mto wenyewe ukachimbiwa njia mpya pembeni, inayoitwa mpaka leo New Cut, ili uendelee na kujaa na kupwa kwake bila kuwasumbua watu. Kazi ikakamilika 1809. Tangu mwaka huo meli zinaelea katikati ya Bristol saa zote, na ndiyo sababu wanaiita bandari inayoelea, ingawa kinachoelea ni meli.

Lango la gudi, yaani la bandari ya kufungiwa maji kama yetu, linavyofanya kazi ndilo jambo ninalopenda kulieleza, na ndilo watu wanalolikatiza. Mtu wa kwetu nitamwanzia na mlango wa nyumba ya kale, ule wa Lamu au Mji wa Kale: mabawa mawili, mfaa katikati unaofunika maungio, na komeo au mnyororo. Lango la gudi nalo lina mabawa mawili, lakini hakuna mfaa, hakuna komeo, na mabawa yakikutana hayanyooki. Yanafanya pembe, ncha ikielekea kule maji yaliko juu zaidi. Maji yanasukuma, na kadiri yanavyosukuma ndivyo bawa linavyokazana na mwenzake na yote mawili yanavyokazana na kuta za mawe. Komeo ni maji yenyewe.

Kwa hiyo lango likishafungwa na maji yakatofautiana, hakuna mtu wa kulifungua. Chukua lango lenye upana wa mita 10, kina cha maji mita 8. Tofauti ya sentimita 10 tu baina ya huku na kule, kiasi cha urefu wa kidole gumba na ziada, inalisukuma lango hilo kwa uzito wa tani 8. Mashine tunazo, lakini mashine ni ya kuzungusha lango ndani ya maji yaliyotulia, si ya kupigana na bahari. Unafungua kwanza vilango vidogo vya chini, maji yapenye, kiwango cha huku kikutane na cha kule. Kisha unangoja. Mgeni akiwa ndani ya mashua yake, ameshika kamba, anaona maji yameshalingana na bado hatufungui, hutazama juu kwa hasira. Jicho halioni sentimita tano. Lango linaziona.

Kazi ya kawaida ndiyo hiyo. Kiasi cha saa tatu kabla ya maji kujaa, mto unakuwa na kina cha kutosha kwa mashua kupanda kutoka Avonmouth, mwendo wa kama kilomita 10 kupitia bonde lenye miamba mirefu na lile daraja maarufu la kuning'inia la Clifton. Zinaita kwa redio. Tunazipokea ndani ya chumba cha maji baina ya malango mawili, tunafunga nyuma yao, tunasawazisha, tunafungua mbele. Juu ya chumba kuna daraja la barabara linalozunguka, na likizungushwa magari yanasimama foleni pande zote mbili. Hapo ndipo utajua Waingereza nao wana matusi. Wengi hawajui kwa nini tumechagua saa hiyo ya watu kwenda kazini. Hatukuichagua.

Siku za bamvua kubwa ni habari nyingine. Maji ya mto hayaishii kiwango cha bandari, yanakipita, wakati mwingine kwa mita na zaidi. Na lango nililolieleza linashika upande mmoja tu. Ncha yake inatazama bandarini, kwa sababu siku zote bandari ndiyo iliyo juu. Mto ukipanda ukalingana na bandari, komeo limeondoka. Ukizidi, maji yanalisukuma lango kwa mgongo, nalo linafunguka lenyewe kama limeambiwa karibu. Bahari ingeingia mjini. Kwa ajili hiyo kuna jozi nyingine ya malango kwenye mlango wa ndani, ncha zake zimegeuzwa zikatazama mtoni. Hizo hufungwa mapema, maji yakiwa bado chini, halafu mto wenyewe unapanda na kuzikaza. Binamu yangu aliwahi kufanya kibarua kwenye gudi ya kutengenezea meli Mombasa, ambako lango hukinga bahari isiingie meli ikiwa imekauka chini. Nilipomwambia lango letu la kila siku hukinga maji yasitoke, alicheka. Nilipomwambia siku za bamvua tunafunga la pili ili yasiingie, alisema Wazungu hawajui wanachotaka.

Usiku wa kufunga hayo ya pili ndio usiku ninaoujali. Jedwali la maji linakupa saa na kimo, lakini jedwali limepigwa hesabu kwa mwezi na jua peke yake. Halijui upepo. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma siku mbili unaleta maji ya ziada ghubani. Mgandamizo wa hewa nao: ukishuka kwa milibari moja, bahari inapanda karibu sentimita moja, dhoruba nzuri huweza kuongeza sentimita thelathini ambazo hakuna kitabu kilichoziandika. Na mvua ikiwa imenyesha bara, mto unakuja na yake. Kwa hiyo unasoma jedwali, kisha unatoka nje unasoma rula iliyochorwa ukutani, kisha unatazama mawingu kama mjomba alivyokuwa akiyatazama. Mwenzangu wa zamu, mzee wa hapa hapa Bristol ambaye baba yake alikuwa kuli wa gudi hizi, hasemi neno wakati huo. Anavuta chai yake na kuhesabu mistari.

Si kila kilichofungwa humu kilifungwa kwa werevu. Brunel, yule mhandisi wa reli na madaraja, aliijenga humu meli ya chuma Great Britain. Ikashushwa majini tarehe 19 Julai 1843, meli kubwa kuliko zote za wakati wake, na ikabainika kwamba haiwezi kutoka: malango ni membamba kuliko meli. Ikakaa bandarini zaidi ya mwaka. Mwezi wa Desemba 1844, kwenye bamvua, ilibidi mawe ya ukingo yang'olewe usiku ndipo ikapita. Baadaye ikazunguka dunia, ikaishia kutelekezwa visiwa vya Falkland, na mwaka 1970 ikarudishwa ikiwa imebebwa juu ya chelezo kubwa, ikapandishwa mto huu huu na kuingizwa kwenye gudi ile ile iliyojengewa. Ilirudi ndani ya gudi hiyo tarehe 19 Julai. Walingojea bamvua, na bamvua likaangukia siku yake ya kuzaliwa.

Halafu kuna sanamu. Mwezi wa Juni 2020 waandamanaji waliing'oa sanamu ya Edward Colston, tajiri wa biashara ya watumwa wa karne ya 17, wakaiburura hadi ukingoni na kuitupa majini, karibu na daraja la miguu lililopewa jina la Pero, mtu wa asili ya Kiafrika aliyeletwa Bristol akiwa mtumwa. Watu wameandika mengi kuhusu siku hiyo. Mimi niliwaza jambo la kifundi tu. Kama Jessop asingeziba mto, sanamu ingelala wazi kwenye tope jioni ile ile, kila mtu akiitazama. Kwa sababu ya malango ilizama ikatoweka, na siku nne baadaye ilibidi itolewe kwa winchi.

Meli za mizigo zenyewe hazipandi tena mpaka mjini. Biashara ilishahamia mdomoni mwa mto, Avonmouth na Portbury, kwenye malango makubwa zaidi. La Portbury, lililofunguliwa 1977, lina chumba cha urefu wa mita 366. Kwetu zimebaki mashua za starehe, za watalii, za wanafunzi wa tanga, na jahazi za kizungu za kale wakati wa sherehe. Mjomba angesema ni gudi ya wastaafu.

Lakini maji hayajastaafu, na saa zake ndizo zinazonipangia maisha. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Zamu yangu inaizunguka saa yote: wiki hii nimeamka saa tisa za usiku, wiki ijayo naingia mchana. Mke wangu ana jedwali la maji limebandikwa mlangoni mwa friji, nadhani ndiye mwanamke pekee wa Kimombasa mji huu anayejua kimo cha Avonmouth kabla ya bei ya nyanya. Amegundua mwenyewe jambo ambalo wengi wa kazini hawalifikirii: kila mji una saa yake ya bamvua. Mombasa bamvua hujaa kwenye saa kumi, za alfajiri na za alasiri, na hukauka kwenye saa nne. Ndiyo maana asubuhi za bamvua wavuvi wa pweza huwa mwambani. Bristol bamvua hujaa saa moja au saa mbili, asubuhi na jioni, na maji mafu hujaa mchana na usiku wa manane. Ni hivyo mwaka mzima, ila wakati wa kiangazi saa za nchi husogezwa mbele kwa saa moja na jedwali halisogei. Lazima ukumbuke kuongeza.

Na hapa ndipo penye kisa changu na Idd.

Bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na jingine baada ya mwezi mpevu. Idd ndogo ni mosi ya Mfunguo Mosi. Huhitaji hesabu. Mwezi ukiandama Ramadhani imekwisha, na asubuhi yake, saa ile watu wanajipaka udi na kuvaa kanzu mpya, maji ya Bristol yanapanda kuelekea kilele chake. Haiangukii kwa bahati mbaya mwaka mmoja na kuachilia mwingine. Ni kila mwaka, maadamu mwezi ni ule ule. Swala ya Idd na malango vinagombea saa zile zile.

Miaka hii imezidi, kwa sababu Idd imekuwa ikiangukia Machi na Aprili, karibu na siku za usiku na mchana kulingana, ambapo bamvua ndiyo hasa huwa makubwa. Mwaka 2025 mambo yalikutana yote. Tarehe 29 Machi jua lilipatwa, tukaliona likimegwa asubuhi, na jua haliwezi kupatwa ila mwezi unapokaribia kuandama. Usiku wa kuamkia tarehe 30 saa za Uingereza zikasogezwa mbele. Misikiti mingine ikaswali Idd tarehe 30, mingine 31, na katika kundi la WhatsApp la Waswahili wa hapa watu wakabishana kuhusu mwezi hadi mtu mmoja akatuma picha ya kufuli. Mimi siku zote mbili nilikuwa na zamu, kwa hiyo mgogoro wa mwezi haukunihusu. Upande wowote ungeshinda ningekosa swala.

Mamangu alipiga simu kutoka Mombasa. Kule walikuwa wameshamaliza, watoto wanavalishwa kwenda Makadara.

"Umeswali?"

"Niko langoni, Mama. Maji ni makubwa leo."

"Kila Idd wasema hivyo."

"Kila Idd ni kweli."

"Kwani maji hayo hayangoji watu wakaswali?"

Nilimweleza bamvua na mwezi, kwa kirefu, na mwenzangu Mwingereza ameinua nyusi akinisikiliza. Mama alinyamaza, kisha akasema mjomba wako hakuwahi kusafiri Idd mosi, akingoja ya tatu, na sisi tukidhani ni ucha Mungu tu. Sikuwahi kuliwaza hilo. Huenda mjomba aliliogopa bamvua kuliko alivyotuambia.

Mwenzangu akataka nimfasirie mazungumzo. Nilipomaliza akaniuliza kwa nini sijawahi kuomba ruhusa, nami nikasema siku za malango ya pili hapatoshi watu. Akatoa kalenda yake ya mfukoni. Tumepatana hivi: Idd ndogo yeye ananishikia zamu ya asubuhi pamoja na kijana mwingine, nami nachukua zamu zake za Krismasi. Krismasi haifuati mwezi, kwa hiyo yeye anapata maji ya aina yoyote, mwaka huu makubwa, mwaka ujao mafu. Aliona ni biashara nzuri, na mimi pia.

Idd kubwa hatukuiandika kwenye mapatano. Ni tarehe kumi Mfunguo Tatu, maji mafu kila mwaka, yanajaa alasiri, na malango yanaanza kuita kwenye adhuhuri. Swala naiwahi bila taabu. Ninachokosa ni pilau ya mchana, na hiyo mke wangu huniwekea.